Mshahara wa mfamasia: hospitali au duka la dawa?

Nchini Tanzania, mfamasia wa hospitali ya serikali hulipwa kwa ngazi za watumishi wa afya, TGHS. Mshahara wake hupanda kwa nyongeza ya mwaka na kwa kupandishwa daraja, si kwa wingi wa dawa zilizouzwa. Mfamasia wa famasi binafsi hulipwa kwa mapatano na mwenye duka: biashara ikichangamka anaweza kumpita mwenzake wa serikalini, ikidorora mkataba hutetereka.

Tofauti kubwa imejificha kwenye mafao. Kwa mshahara wa shilingi 1,000,000, mwajiri wa serikali huchangia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, shilingi 150,000 na mtumishi 50,000. Katika NSSF, mfuko wa waajiriwa wa sekta binafsi, mgawanyo uliozoeleka ni shilingi 100,000 kwa kila upande, kwa hiyo wa dukani hukatwa mara mbili ya mwenzake.

Elimu ya wote wawili ni moja: shahada ya miaka minne, mafunzo kwa vitendo na usajili wa Baraza la Famasi. Anayelinganisha ajira hizi asiishie kwenye mshahara ghafi. Apige hesabu ya makato, posho, saa za kazi na pensheni ndipo aamue.