UFUNDI KIJIJINI: Kabla ya Kununua Betri Mpya ya Gari

Mwezi huu tunazungumza juu ya betri ya gari. Vijiji vingi vina gari moja tu la kutegemea. Pengine ni pikapu ya chama cha ushirika. Pengine ni ya mwenye duka. Gari hilo hupeleka mazao sokoni. Usiku hupeleka wagonjwa na akina mama wajawazito hospitali. Betri ikifa saa hiyo, gari haliwaki. Kwa hiyo kuchagua betri si kazi ya dereva na fundi peke yao. Wenye fedha nao wajue.

Je, betri ndiyo mbovu?

Watu wengi hununua betri mpya bila sababu. Asubuhi gari linakataa kuwaka. Mchana wamekwisha kulipa fedha dukani. Baada ya wiki mbili gari linakataa tena. Kumbe ubaya haukuwa wa betri.

Basi, anza kwa kutazama vichwa vya betri, yaani pale nyaya zinapofungwa. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Fungua nyaya, ukianza na ule wa alama ya kutoa (–). Safisha kwa maji ya moto yenye magadi kidogo. Angalia maji hayo yasiingie ndani ya betri. Suuza, kausha, kisha kaza nyaya. Wa alama ya kutoa ufungwe mwisho. Paka grisi kidogo juu yake.

Kama gari bado haliwaki, betri ichajiwe mpaka ijae. Iache ipumzike usiku kucha, halafu fundi aipime kwa mita. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.2, umeme umebaki kama nusu. Betri iliyochajiwa vizuri, kisha ikashuka yenyewe chini ya volti 12, imechoka.

Mwisho, washa gari na upime tena injini ikinguruma. Mita ionyeshe volti 14 hivi. Ikibaki kwenye 12, betri hairudishiwi umeme. Angalia mkanda wa oltaneta, na oltaneta yenyewe. Hiyo ndiyo mashine inayochaji betri gari likitembea. Usipoitengeneza, hata betri mpya itaishiwa umeme.

Soma kabla ya kulipa

Ukihakikisha kuwa betri imekufa, nenda dukani. Wewe sasa unajua kusoma. Tumia elimu hiyo hapo. Andika kwenye karatasi maneno na namba zilizo juu ya betri ya zamani, uende nazo. Kisha angalia mambo matano.

1. Volti. Magari madogo na pikapu nyingi hutumia volti 12. Malori mengi makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa. Kwenye lori la namna hiyo badilisha zote mbili pamoja. Betri nzima ikifungwa na iliyochoka, ile nzima nayo huharibika mapema.

2. Uwezo. Tafuta namba yenye herufi Ah. Namba hiyo ni kama ukubwa wa mtungi wa maji. Betri ya Ah 70 huweka umeme mwingi kuliko ya Ah 45. Injini ya dizeli ni nzito kuzungusha, hivyo huhitaji betri kubwa kuliko ya petroli iliyo sawa nayo. Usinunue yenye Ah pungufu kuliko ile iliyowekwa na watengenezaji wa gari.

3. Kipimo cha umbo. Betri lazima ienee kwenye kikalio chake na ifungwe imara. Barabara zetu zina mashimo. Betri inayochezacheza huvunjika vyuma vyake vya ndani. Betri nyingi za namna ya Kijapani zina maandishi kama 95D31R. Hapo 31 ni urefu wa betri kwa sentimita.

4. Upande wa vichwa. Angalia alama ya kujumlisha (+) iko upande gani, kulia au kushoto. Herufi ya mwisho, L au R, hueleza jambo hilo. Ukichukua ya upande mwingine, nyaya huenda zisifike. Zikifungwa kinyume, zinaweza kuunguza vyombo vya umeme vya gari.

5. Tarehe ya kutengenezwa. Betri hupoteza umeme hata ikikaa dukani tu. Joto nalo huiharibu upesi. Mwombe mwuzaji akuonyeshe tarehe. Kama imekaa zaidi ya miezi sita bila kuchajiwa, chagua nyingine. Iwe mpya namna gani, ipimwe mbele yako.

Rahisi ghali

Usitazame bei peke yake. Tuchukue mfano. Betri moja ni shilingi 180,000, nayo inadumu mwaka mmoja. Gharama yake ni shilingi 15,000 kila mwezi. Nyingine ni shilingi 270,000, lakini inadumu miaka mitatu. Gharama yake ni shilingi 7,500 kila mwezi. Ipi ni rahisi? Kwa hiyo uliza dhamana ni ya miezi mingapi. Dai risiti, na tarehe ya kununua iandikwe. Bila risiti huna dhamana.

Jambo jingine. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi, ili kuwasha injini. Haikutengenezwa kuwasha taa na televisheni usiku kucha. Ukiimaliza umeme mara kwa mara, itakufa mapema. Kwa matumizi ya nyumbani nunua betri ya sola.

Betri ya zamani

Usiitupe wala kuivunja. Ndani yake mna asidi inayounguza ngozi na macho. Mna pia risasi, ambayo ni sumu. Risasi huharibu akili za watoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, wananchi walidhurika kwa risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu karibu na nyumba zao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Basi, usikubali mtu ayeyushe betri uani kwako. Betri ya zamani ina thamani. Irudishe dukani, uombe upunguziwe bei ya mpya.

Ndugu msomaji, fedha za gari la kijiji ni jasho la watu wengi. Kamati ikikaa kuamua juu ya betri, mjumbe mmoja asimame aulize: Je, ile ya zamani imepimwa? Nani amesoma maandishi ya hii mpya? Risiti iko wapi? Usingoje mwingine aulize. Uliza wewe.