Mbegu Haijifunzi

Liko neno lipitalo midomoni mwa watu kila msimu wa kupanda ukaribiapo, nalo ni kwamba mbegu huzoea. Husemwa: leta mbegu kutoka nchi yoyote, ipande katika udongo wetu; mwaka wa kwanza itasumbuka kama mgeni, mwaka wa pili itaanza kuelewa, na mwaka wa tatu itakuwa mwenyeji. Nimelisikia neno hili sokoni, nimelisikia shambani, na kwa bahati mbaya nimelisikia darasani likisemwa kama elimu. Ni neno tamu, kwa sababu lafanana na maisha yetu wenyewe. Mgeni huzoea. Mtoto hujifunza. Hata ng'ombe mkali hufugika. Kwa nini basi ngano isijifunze? Nataka kukuonyesha, msomaji, kwamba haijifunzi, na kwamba kudhani kuwa hujifunza ni kosa lililokwisha kugharimu uhai wa watu.

Ngano ina kazi mbili maishani mwake. Kwanza huota majani na machipukizi, ikajitandaza kama nyasi nyingine. Kisha siku moja ile ncha changa iliyofichwa shinani, karibu na ardhi, huacha kufanya majani ikaanza kufanya suke. Hakuna mkulima aionaye siku hiyo, kwa kuwa suke lenyewe halitokezi nje mpaka majuma kadhaa yapite. Walakini hapana siku iliyo kubwa kuliko hiyo katika shamba lake. Ikifika mapema mno, mmea hauna majani ya kutosha kulisha punje, na katika nchi za baridi maua hukutwa na jalidi yakafa. Ikichelewa mno, punje hukutwa na kiangazi zingali maziwa, zikasinyaa. Swali la lini, basi, ndilo litenganishalo ghala tupu na ghala lililojaa.

Nani huuambia mmea kwamba siku imefika? Watu wa kuzoea hujibu kuwa ni nchi. Mimi nasema kwamba nchi huuliza tu. Mbegu ndiyo ijibuyo, na jibu lake imezaliwa nalo.

Chukua ngano ya majira ya baridi ilimwayo Uingereza. Hupandwa mnamo Septemba au Oktoba, hupitisha baridi yote ikiwa majani mafupi, kisha huchanua mwezi wa Juni. Ndani ya majani yake imo chembe ya urithi, au jeni kama waitavyo wataalamu, ambayo jina lake ni VRN2. Kazi yake ni kazi ya bawabu. Yuko mjumbe, jeni iitwayo VRN3, ambaye hutoa habari katika jani ikasafiri mpaka kwenye ncha kuiamuru ifanye suke. Bawabu humfungia mjumbe huyo mlango. Baridi ya majuma mengi, baridi hasa ya chini ya digrii 10, huiamsha jeni ya tatu, VRN1, nayo humwondoa bawabu mlangoni. Hapo mjumbe hupita. Wataalamu walizifumbua jeni hizi tatu moja baada ya nyingine baina ya mwaka 2003 na 2006, lakini kazi yao wameifanya kwa maelfu ya miaka bila kungoja kupewa majina.

Sasa ipo ngano nyingine isiyodai baridi hata kidogo. Ukiichunguza VRN1 yake utakuta kipande kimepotea au kimegeuka: kile kipande hasa kilichokuwa kikiifunga jeni mpaka baridi ije. Jeni iko macho tangu siku ya kuota. Je, ilifundishwa? La. Zamani sana urithi ulinakiliwa kwa kosa katika mmea mmoja, mmea ule ukachanua pasipo kungoja, na watu wakavuna punje zake wakazipanda tena.

Hali kadhalika urefu wa mchana. Ngano nyingi za kale hungoja mchana uwe mrefu ndipo zichanue, na jeni iitwayo Ppd-D1 ni mmoja wa wapimaji wa mchana huo. Katika aina nyingine za ngano, mbele ya jeni hiyo pamekatika kipande cha herufi za urithi zipatazo 2,000, na kwa upungufu huo mmea hauulizi tena habari za mchana. Huchanua mchana ukiwa mrefu au mfupi. Wewe usomaye Kenya wajua hili lina maana gani. Njoro iko karibu sana na Ikweta, juu ya mita 2,000 toka usawa wa bahari. Mchana wake ni saa 12 mwezi wa Juni, na saa 12 mwezi wa Desemba. Baridi yake yatutetemesha sisi alfajiri, lakini si ile baridi ya majuma mengi mfululizo. Ngano idaiyo vyote viwili, baridi ndefu na mchana mrefu, ikipandwa huko hukaa kama mtu angojaye meli katika bandari isiyopitiwa na meli. Hustawi majani, ikapendeza macho, na suke huchelewa mno au halitoki kabisa.

Hapa ndipo neno la kuzoea linapovunjika mguu. Mmea usiotoa suke hauna punje; usio na punje hauna mtoto; na asiye na mtoto atamrithisha nani hayo mazoea yake? Mwaka wa pili hakuna wa kuelewa, na mwaka wa tatu hakuna wa kuwa mwenyeji.

Utaniambia, "Lakini nimeona kwa macho yangu mbegu ya kigeni ikifanya vibaya mwaka wa kwanza na vizuri mwaka wa tatu." Nakubali umeona. Tazama tena gunia lile. Halikuwa na mbegu za namna moja. Miongoni mwa punje zake zilikuwamo chache zilizotofautiana na wenzake kwa urithi, zikachanua kwa wakati wakati nyingine zikingali majani. Ulivuna kutoka kwa hizo chache, ukapanda watoto wao, na baada ya misimu mitatu shamba lote lilikuwa la ukoo wao. Hakuna punje hata moja iliyobadili tabia. Wasioweza waliondoka, na walioweza tangu siku ya kwanza wakabaki. Lau gunia lingekuwa na ngano ya ukoo mmoja safi, na ngano kwa kawaida hujichavusha yenyewe, ungepanda miaka 20 na kuvuna majani miaka 20.

Wengine watasema kwamba nimefanya ugomvi wa maneno: kuzoea au kuchaguliwa, mradi shamba limejaa. Kwa hao nina habari ya Urusi ya Kisovieti.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 alitokea huko bwana mmoja aitwaye Trofim Lysenko. Alionyesha kwamba mbegu ya ngano ya baridi ikiloweshwa na kuwekwa baridini kabla ya kupandwa, huweza kutoa masuke hata ikipandwa baridi imekwisha. Jambo hilo lenyewe ni kweli, wala halikuwa jipya. Mjerumani Gustav Gassner alikuwa amekwisha eleza haja ya baridi katika nafaka mwaka 1918. Mmea mmoja huweza kukumbuka baridi uliyoipitia. Walakini kumbukumbu hiyo hufutwa punje mpya inapoundwa, na mtoto huanza upya kuidai baridi yake mwenyewe. Lysenko hakuridhika na ukweli huo mdogo. Alidai, kwa ushahidi wa miche michache mno, kwamba ngano ya baridi imefundishwa kuwa ngano isiyodai baridi, na kwamba somo hilo litarithiwa. Baadaye alifika hata kudai kwamba ngano huweza kuzaa rai, ambayo ni nafaka nyingine kabisa. Watawala walimpenda, kwa sababu aliahidi kufanya kwa miaka miwili au mitatu kazi ambayo wengine walisema yataka miaka kumi.

Mmoja wa wengine hao alikuwa Nikolai Vavilov. Mtu huyu alizunguka mabara akikusanya mbegu; mwaka 1927 alikuwa Ethiopia, jirani yetu, akatoka huko na ngano za namna nyingi ajabu. Alijua kwamba mbegu haifundishwi, hivyo akaona hapana budi kutafuta popote duniani ile ambayo tayari inalo jambo tulitakalo. Alimpinga Lysenko. Mwezi wa Agosti 1940 alikamatwa, mwaka 1941 akahukumiwa kufa, na ingawa hukumu hiyo ilibadilishwa, alikufa katika gereza la Saratov tarehe 26 Januari 1943, baada ya kudhoofishwa na njaa. Mtu aliyekusanya vyakula vya ulimwengu alikufa kwa kukosa chakula. Huko Leningrad, mji ulipozingirwa na majeshi ya Wajerumani, baadhi ya wasaidizi wake walikufa njaa wakiyalinda makusanyo yale, wala hawakuzila punje. Na mwezi wa Agosti 1948 elimu ya urithi ilipigwa marufuku nchini humo. Wataalamu wengi walifukuzwa kazini, na Lysenko hakupoteza nguvu zake mpaka mwaka 1965. Je, huo ulikuwa ugomvi wa maneno?

Nina jambo la kuongeza kabla sijaendelea, maana najua vijana hupenda kunyoosha hoja mpaka ikatike. Usichukue maneno yangu ukawapimia wanadamu. Mtoto wa mtu hufundishwa, na shule unayosoma ni ushahidi. Wako walioichukua elimu ya urithi wa mimea wakaitumia kudharau watu, nao walitenda uovu wa aina yao. Nazungumza habari za ngano.

Basi kama mbegu haijifunzi, tufanye nini? Tutafute tofauti, tuzichanganye, tuchague. Njia hii haina miujiza, lakini tazama ilikofika. Mwitalia Nazareno Strampelli aliona ngano ya kwao ikichelewa, ikaunguzwa na joto la mwanzo wa kiangazi na kuliwa na kutu. Hakuihubiria iharakishe. Alitwaa ngano ya Kijapani iitwayo Akakomugi, fupi na yenye kuwahi, akaichanganya na nyingine katika mwaka 1913. Miongoni mwa vizazi vyake ilipatikana Mentana, na ndani yake mlikuwamo ile Ppd-D1 iliyokatika kipande.

Kule Njoro nako, tangu mwanzo wa karne ya 20, kutu ilikuwa imeteketeza ngano ya walowezi, na wachaguzi wa mbegu wakalazimika kutafuta aina zenye kuistahimili. Ngano hizo za Kenya zilisafiri mbali. Mmarekani Norman Borlaug, aliyekwenda Mexico mwaka 1944, alizitumia; moja ya mbegu zake iliitwa Kentana 48, na jina lenyewe lakueleza wazazi: Kenya na Mentana. Urithi wa Japani uliopita Italia ulikutana na urithi wa Kenya katika shamba la Mexico.

Borlaug huyo alipanda misimu miwili kwa mwaka: mmoja katika bonde la Yaqui, karibu na usawa wa bahari, mchana ukiwa mfupi, mwingine Toluca, juu ya mita 2,500, mchana ukiwa mrefu. Wakubwa wake hawakupenda, na vitabu vya siku zile vilisema kwamba mbegu yataka kupumzika baada ya kuvunwa. Yeye alitafuta kuokoa muda tu. Lakini mmea uliongoja mchana mrefu ulishindwa mahali pamoja, na uliobaki ukichaguliwa kotekote ulikuwa ule usiojali mchana. Ngano za namna hiyo ndizo zilizoweza kupelekwa India na Pakistan katika miaka ya 1960. Mtu wa kuzoea angesema kwamba ngano ilifundishwa kusafiri. Haikufundishwa. Maelfu ya ndugu zake waliachwa njiani.

Wala usidhani kwamba ngano iwahiyo ndiyo bora daima. Mkulima wa Uingereza aitakaye ngano yenye kuchelewa ana haki, maana kiangazi chake ni cha upole na mchana wake ni mrefu, na mmea ukipewa siku zaidi hujaza punje zaidi. Mkulima wa Narok ambaye mvua yaweza kumkatikia ghafla ana haki ya kutaka nyingine. Na joto la dunia likizidi kupanda, huenda wote wawili wakahitaji kesho mbegu ambayo leo hawaitazami. Ndiyo maana napinga neno la kuzoea kwa ukali: humfanya mtu aone mbegu zote kuwa sawa, na azionaye zote kuwa sawa hatajuta ikipotea moja.

Mwaka 1998 ilionekana Uganda namna mpya ya kutu ya shina, iliyoitwa Ug99, na aina nyingi za ngano zilizotegemewa duniani hazikuwa na kinga dhidi yake. Tangu hapo ngano kutoka nchi nyingi huletwa Njoro kujaribiwa. Katika madaftari ya majaribio ya ngano, kando ya jina la kila aina, huandikwa idadi ya siku tangu kupandwa hata kutoa masuke. Ukipata nafasi ya kuliona daftari la namna hiyo, peleka kidole chako chini katika safu hiyo. Utakuta hesabu zapishana kwa siku nyingi, na pengine kwa majuma, ingawa udongo ni mmoja, mvua ni moja, na mpanzi ni yule yule.