Ajuaye Mema Aweza Kutenda Mabaya?

Juma hili tutazame swali walilobishania Wayunani wa kale, na ambalo mabingwa wa vyuo hawajalimaliza hata leo. Mtu akijua hakika lililo jema, aweza kuliacha na kutenda baya?

Socrates wa Athens, aliyeuawa mwaka 399 kabla ya Kristo, hakuacha kitabu hata kimoja. Mengi ya mawazo yake twayapata kwa mwanafunzi wake Plato. Katika kitabu kiitwacho Protagoras, Socrates ashikilia kwamba haiwezekani. Mkosaji hukosa kwa kutojua. Kitu kilicho karibu huonekana kikubwa, na cha mbali huonekana kidogo. Vivyo hivyo anasa ya leo humficha mtu hasara ya kesho. Angejua kupima sawasawa, asingekosa.

Aristotle, aliyekaa katika shule ya Plato miaka ipatayo 20, aliona kwamba neno hilo lapingana na mambo tuyaonayo kwa macho. Wako watu wajuao wapasavyo kutenda, na tamaa ikawashinda. Lakini, katika kitabu chake cha maadili, aliuliza: Je, hujua kwa namna gani? Akajibu kwamba elimu yao ni kama ya mtu aliyelala au aliyelewa. Mlevi aweza kutamka maneno ya hekima, wala yasiwe na nguvu ndani yake. Hata mwanafunzi mgeni huyakariri tu. Elimu yataka muda ili iote mizizi.

Hapo mabingwa hugawanyika. Wengine husema Aristotle amempinga Socrates; wengine husema mwishoni amemkubali nusu, maana mwenyewe aandika kwamba lile alilolitafuta Socrates laonekana kutokea.

Basi, mzazi apata nini hapa? Kwa Socrates twajifunza tusikimbilie fimbo kabla ya kujua kama mtoto ameelewa. Lakini mimi naegemea upande wa Aristotle, asemaye kwamba wema hupatikana kwa kuutenda, na kwamba mazoea ya utotoni ni jambo kubwa mno. Mtoto aweza kutujibu upesi kwamba wizi ni mbaya, na jibu lile likawa ulimini tu. Tusiseme, "Nimekwisha kumwambia," kana kwamba kazi imekwisha. Tumzoeze kurudisha chenji kamili, leo na kesho. Samaki mkunje angali mbichi.