Kaa la Moto kwa Jirani: Miaka 50 ya Anthony Nolan

Zamani, moto ukizimika jikoni, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae mkononi akaombe kaa. Jirani hakupungukiwa na kitu: jiko lake liliendelea kuwaka, na la mwenzake likawaka. Taasisi ya Anthony Nolan ya Uingereza, iliyotimiza miaka 50 mwaka 2024, imejenga tiba juu ya ujirani huo. Tunaipongeza kwa moyo wote, na tuna neno kwa wasomaji wetu.

Jina lake ni la mtoto. Anthony alizaliwa Australia mwaka 1971 akiwa na Wiskott-Aldrich, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha kinga ya mwili na kumfanya mgonjwa avuje damu kwa wepesi. Tumaini lake lilikuwa uboho wa mtu mwingine, na nyumbani kwao hakupatikana aliyelingana naye. Mama yake, Shirley Nolan, alipata habari kwamba mwaka 1973, katika Hospitali ya Watoto ya Westminster jijini London, timu ya Profesa Jack Hobbs ilimpandikiza mtoto uboho wa mtu asiye jamaa yake, na mtoto akapona. Akambeba mwanawe hadi London. Huko hakukuta orodha yoyote ya watu walio tayari kutoa uboho kwa wasiowajua. Mwaka 1974 akaianzisha mwenyewe, pale pale hospitalini. Likawa daftari la kwanza la aina yake duniani.

Anthony alifariki mwaka 1979, akiwa na miaka 7, bila kupata wa kulingana naye. Daftari halikuzikwa naye. Hapo ndipo tunapouona ukubwa wa mama huyu: mlango uliokuwa umefungwa kwa mwanawe, aliuacha wazi kwa wana wa wenzake.

Wakati huohuo Hobbs alikuwa na swali jingine. Je, uboho unaweza kuwatibu watoto ambao maradhi yao hayatoki kwenye damu? Mfano ni ugonjwa wa Hurler, uliopewa jina la Gertrud Hurler, daktari wa watoto wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1919. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Lakini amerithi kasoro kutoka kwa baba na mama, ambao wenyewe hawaumwi, na mwili wake hauna kimeng'enya cha kuvunja minyororo fulani ya sukari. Minyororo hiyo hurundikana ndani ya seli kama taka katika nyumba isiyofagiliwa. Ini na bandama huvimba, macho huingia ukungu, viungo hukakamaa, moyo huchoka, na akili iliyokuwa ikichanua huanza kurudi nyuma. Asipotibiwa, mtoto kwa kawaida hafikishi miaka 10.

Mwanga ulitoka maabara mwaka 1968. Elizabeth Neufeld na wenzake nchini Marekani walikuza pamoja seli za mgonjwa wa Hurler na za mgonjwa wa Hunter, ugonjwa wa jamii hiyohiyo. Wakaona kila upande unausafisha mwenzake. Seli ilikuwa ikitoa kimeng'enya nje, na jirani yake akikiokota na kukitumia. Kaa la moto lilikuwa likivuka ua.

Kama ni hivyo, basi seli shina za uboho wa mtu mwenye afya, zikishika ndani ya mgonjwa, zingezaa chembe nyeupe za damu zitakazosambaza kimeng'enya mwili mzima maisha yote. Mwaka 1980 timu ya Hobbs ilimpandikiza mtoto mdogo mwenye Hurler uboho wa mama yake. Ini na bandama vikanywea, na macho yakaanza kung'aa. Madaktari wa nchi nyingine wakaifuata njia hiyo. Mwaka 2003 kimeng'enya chenyewe kiliidhinishwa kama dawa ya kutia mshipani, lakini dawa hiyo haivuki ukuta unaoulinda ubongo. Seli zilizopandikizwa huvuka, zikaweka makazi humo. Ndiyo maana kwa mtoto wa Hurler upandikizaji bado ni tegemeo, hasa ukifanyika kabla hajatimiza miaka 2. Mifupa haiponi vizuri, na dawa za kuuandaa mwili kwa upandikizaji ni kali. Hata hivyo mtoto huongea, husoma, na hukua.

Lakini ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 tu kati ya 4 ya kulingana na mgonjwa, tena huenda naye ameibeba kasoro ileile. Ndipo daftari la Shirley linapohitajika. Leo madaftari ya dunia yana watu zaidi ya milioni 40.

Na hapa ndipo neno letu lilipo. Alama za mwili zinazopaswa kulingana hurithiwa, na hufuata asili ya mtu. Afrika ina mchanganyiko mkubwa wa vinasaba kuliko bara lolote, lakini watu wa asili ya Afrika ni wachache katika madaftari hayo. Mtoto wetu akiugua London, nafasi yake ya kupata wa kulingana naye ni ndogo kuliko ya mwanafunzi mwenzake Mzungu aliyekaa naye dawati moja. Sababu mojawapo ni kwamba wengi wetu hatujajiandikisha.

Anthony Nolan huandikisha vijana wa miaka 16 hadi 30. Kujiandikisha ni kusugua kijiti chenye pamba ndani ya shavu. Anayeitwa baadaye, mara nyingi hutoa seli kwa njia ya damu, akiwa amekaa kitini kwa saa chache, na mwili wake huzitengeneza nyingine. Enyi jamaa zetu wa Uingereza, kijana wenu akirudi nyumbani na kusema ameitwa, msimtie hofu. Msindikizeni. Kuna mama amemtuma mwanawe na kigae, naye anasubiri arudi na moto.