Mashine Yako ya Vyombo Haijafa

Na Mwanaisha Salim

Mashine ya kuosha vyombo ikianza kutoa sahani zenye mabaki na glasi zenye ukungu, wengi hukimbilia kumwita fundi. Wengine huiuza kwa bei ya kutupa. Nawasihi wasubiri. Mara nyingi mashine hiyo ni nzima. Imeziba, au imekosa chumvi.

Vuta rafu ya chini, utaliona chujio kwenye sakafu ya mashine. Mashine za siku hizi hazijai maji kama beseni. Hutumia lita kumi hivi, na maji hayo huzungushwa tena na tena kupitia chujio hilo. Likizibwa na punje za wali na samli iliyoganda, uchafu unarudi palepale juu ya sahani. Lichomoe, ulisugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya moto. Kagua pia mikono inayorusha maji, uzibue kila tundu kwa kijiti cha meno. Josephine Cochrane, Mmarekani aliyepata hataza ya mashine yake mwaka 1886, aliachana na brashi akategemea nguvu ya maji. Tundu likiziba, au sahani zikibanana, nguvu hiyo haifiki.

Ukungu mweupe ni jambo jingine, na sisi wa Pwani unatuandama. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, ambayo ni chokaa, kwa hiyo maji hutoka yamebeba kalisi. Ndiyo maji magumu, yanayoifanya sabuni igome kutoa povu na birika liote magamba. Mashine nyingi zilizotengenezwa Ulaya zina tangi dogo la chumvi karibu na chujio. Chumvi hiyo haigusi vyombo. Kazi yake ni kukiosha kifaa cha ndani kinachonasa kalisi, kiendelee kunasa. Itiwe chumvi ya mashine yenyewe, si ya mezani yenye madini joto na dawa ya kuzuia isigande.

Tangu 2017 Umoja wa Ulaya umebana fosfeti kwenye sabuni za mashine hizi. Naunga mkono uamuzi huo, kwa sababu fosfeti hurutubisha mwani unaoua samaki ziwani na mitoni. Lakini ndiyo iliyokuwa ikisaidia kupambana na maji magumu. Sasa anayetumia sabuni hizo bila chumvi ataendelea kuona ukungu hata akizidisha kipimo.

Haya mnunuzi haambiwi dukani. Anapewa risiti na kitabu kisicho na neno la Kiswahili. Wauzaji, pimeni ugumu wa maji ya mteja, rekebisheni mashine ilingane nayo, mwonesheni tangi la chumvi na chujio siku ileile ya kuifunga. Nawe mnunuzi, yadai hayo kabla hujalipa.