Taichi Haiulizi Digrii

Wasee wa komenti, eti "aliacha chuo, atafundisha nini Lafey?" Walahi mnachekesha. Taichi yenyewe ilikaa kijijini Chenjiagou, mkoa wa Henan, ukoo wa Chen ukifundishana. Digrii ilikuwa wapi? Mwaka 1956 China ikatoa ile fupi ya miondoko 24 ndio raia wa kawaida waiweze. Haitaki jimu wala viatu vya bei. Mimi nimeirudia miaka minne kabla ya kumfundisha mtu. Lakini anayewauzia "umasta" wa wikendi mbili mtandaoni, huyo hamumuulizi kitu, mnamtumia M-Pesa.

Na wewe unayesema ni ya wazee: kunja magoti, simama hivyo dakika kumi, mapaja yatetemeke, halafu urudi kuandika. Tuko uwanjani kila alfajiri, kabla jua halijachoma. Ni bure.