Ngazi Hupimwa kwa Mguu wa Mzee

Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Nyumbani kwetu Nachingwea tuliufahamu usemi huo kuwa ni onyo kwa wenye vyeo, mpaka siku mama yangu mzazi aliposhuka kwa mgongo, vipandio vitano kwa mfululizo, akavunjika kifundo cha mkono.

Nyumba yetu ni ya ghorofa moja. Chini mna duka na ukumbi, juu mna vyumba vya kulala. Nyumba za namna hiyo si nyingi katika mji wetu. Ngazi yake ilikuwa ya mbao laini, imefunikwa zulia jekundu lililotandikwa mwaka 1998 kwa ajili ya arusi ya dada yangu. Tangu hapo zulia hilo halikuondolewa. Lilipolegea tulilipigilia misumari, lilipopata madoa tuliyasugua, na wageni waliposifu wekundu wake tulishukuru.

Mama hakulilaumu zulia, bali aliulaumu umri wake. "Mwanangu," aliniambia, "nirudisheni Ruangwa. Nyumba ya kupanda si ya mzee." Kuanzia siku ile akawa anashinda juu kutwa, chakula akipelekewa, huku akisema kwamba hana hamu ya kuketi ukumbini. Wajukuu wakauliza kama bibi amekasirika. Hapakuwa na hasira yo yote. Palikuwa na hofu, na aibu ya kuwa na hofu.

Fedha zetu za korosho za mwaka ule zilikuwa zimekwisha pangiwa viti vipya vya ukumbini. Mimi nilishauri tununue zulia jingine, kwani ndiyo njia nyepesi. Mke wangu alikataa. "Mgonjwa," alisema, "haponi kwa kuvishwa kanzu mpya. Kwanza tulivue hilo zulia tuone kuna nini." Tukamwita fundi seremala, mtu wa makamo ambaye maneno yake ni machache na penseli haimtoki sikioni.

Tulilinyunyizia zulia maji kidogo ili vumbi lisitimke, tukajifunga vitambaa puani, tukaling'oa. Chini yake tulikuta mchanga wa miaka mingi, mayai ya mende, na mbao mbili zilizoliwa na mchwa hata kidole kikazama. Lakini jambo lililonishtua zaidi lilikuja fundi alipotoa futi yake. Kipandio kimoja kilikuwa na kimo cha sentimita 18, cha pili 21, cha tatu 19. Pale alipoanguka mama, tofauti ilikuwa sentimita 3 kamili. Mguu wa mwanadamu hukariri kimo cha vipandio viwili vya kwanza, kisha huamini kwamba vilivyobaki viko sawa. Ngazi yetu ilikuwa ikimdanganya kila aliyeikanyaga. Sisi vijana tulijiokoa kwa wepesi wa mwili, na mama hakuwa na wepesi huo. Kwa hiyo uzee haukuwa na hatia. Wenye hatia tulikuwa sisi, tuliofunika tusichokipima.

Historia ya mji wetu ingalitosha kutufundisha. Nachingwea iliinuliwa na ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Matingatinga yaliletwa na reli ikajengwa kutoka Mtwara, lakini wakuu wa mpango walianza kazi kabla ya kuzijua vema mvua na udongo. Fedha nyingi zikapotea, na baadaye reli yenyewe ikang'olewa. Atangulizaye kazi na kuchelewesha kipimo hulipa mara mbili.

Safari hii tulianza kwa kipimo. Fundi alimwamkia mama, "Shikamoo mama. Naomba upande kidogo kama upandavyo siku zote." Mama akajibu, "Marahaba, baba," akapanda vipandio vitatu vya chini, mke wangu akiwa nyuma yake. Fundi hakutazama ngazi. Alitazama goti na unyayo. Kisha akatueleza kanuni inayojulikana tangu karne ya 17 kwa jina la Mfaransa François Blondel: chukua kimo cha kipandio mara mbili, ongeza kina cha mahali pa kukanyaga, na jumla iwe baina ya sentimita 60 na 64. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu kwetu ni sentimita 272. Akazigawa katika hatua 16 za sentimita 17 kila moja, na mahali pa kukanyaga akapapa sentimita 28. Jumla ni 62.

Ngazi ya upole huhitaji nafasi. Hii mpya ilitaka zaidi ya mita moja ya ukumbi, pale pale tulipokusudia kuweka viti. Tulitazamana, mke wangu na mimi, na shauri la viti likaishia hapo.

Katika kuchagua mti, mkoa wetu wa Lindi una neema. Mpingo ni mgumu kupita kiasi, nao hukua polepole mno. Tuuachie vinyago na zumari. Mkongo ni imara na mzito. Sisi tulichagua mninga, kwa sababu hausinyai sana ukaukapo, na kiini chake chekundu humshinda mchwa. Sehemu nyeupe ya pembeni haina nguvu hiyo, hivyo mnunuzi asikubali kuuziwa. Mbao tulizipanga kivulini, vijiti vikiwa katikati ili upepo upite, zikakaa kiangazi chote kabla ya kuguswa na randa. Na wakati wa kuranda na kupiga msasa, pua zifunikwe, maana vumbi la mninga huwasha kifua.

Tulidai pia stakabadhi na kibali cha mbao hizo, kama itakavyo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Wako wanaosema huo ni usumbufu. Lakini wenzetu wa vijiji vya Kilwa, waliopata cheti cha kimataifa cha uvunaji bora mwaka 2009, wameonyesha kwamba msitu ukitunzwa na wanakijiji huwaletea fedha wanakijiji. Mbao ya wizi ni bei nafuu kwa mnunuzi mmoja na hasara kwa kijiji kizima.

Fundi aliunga mbao kwa ulimi na tundu, akatumia misumari michache sana. Kingo za vipandio alizichonga mviringo kidogo, akakata mifereo miwili myembamba mbele ya kila kimoja ili mguu usiteleze. Vanishi ya kung'aa aliikataa. Alipaka mafuta tu. Wengi huondoa zulia, wakaing'arisha mbao kama kioo, wakawa wamebadili hatari moja kwa nyingine. Mwisho akaweka kishikio pande zote mbili, kwa urefu wa mkono wa mama.

Siku kazi ilipokwisha hatukumwita mama. Tulikuwa mezani jioni tuliposikia hatua juu, taratibu, moja baada ya moja, zote za mlio mmoja. Akafika chini, akauliza, "Mbona hamkuniwekea sahani?" Habari ya kurudi Ruangwa hatujaisikia tena, ila wakati wa kwenda kusalimu ndugu.

Ndugu msomaji, pengine nyumba yako haina ghorofa. Lakini ina vidaraja vya saruji mlangoni, au kizingiti cha choo, au baraza iliyoinuka. Leo chukua futi, upime. Kisha umwombe mzee wa nyumba apite hapo, nawe utazame mguu wake.